Kata, Kama, Katana

Mwalimu Zihalirwa alituanzishia maneno matatu
tukacheka, kwa kuwa yote tulikuwa nayo nyumbani.
*Kata*: tukatafuta kisu kiko wapi.
*Kama*: tukangoja amalize sentensi.
*Katana*: Nsimire akasema ni huko kwa shangazi,
barabara ya kaskazini, wanakolima kahawa.

Yeye hakucheka.
Kata ni njia ya mwili, akasema, unachokata ni hewa.
Kama ni mundu wa mkulima wa Okinawa.
Katana sina. Ningekuwa nayo
ningeiuza nilipe kodi ya darasa.

Darasa la sita, Kadutu, saa kumi za jioni,
madawati yamebebana ukutani.
Fimbo ikiinuka inagonga bati,
jirani anadhani ni mvua ya mawe, anaanua nguo.
Fimbo za mkaratusi, kazi ya fundi vitanda.
Tonfa, miguu ya meza iliyokufa.
Sai, nondo zilizopindwa kwa mtengeneza mageti.
Kwenye barieri askari alizimwaga chini:
*Hizi za nini?*
*Za kukumbukia*, mwalimu akajibu.
Askari akatazama fimbo, akatazama bunduki yake,
akatuonea huruma, tukapita.

Kisha mvua ya Aprili ikateremsha kilima
na nyumba, na sanduku, na daftari:
watu wadogo wa penseli, mishale kwenye nyayo.
Mwalimu alitolewa hai,
ila mkono wa kuume ulilala usiamke,
na ulimi ukaufuata.

Tukaanza kuokota.
Mimi nilikuwa na ya fimbo, nzima.
Nsimire ya tonfa, isipokuwa mwisho,
ambao tangu zamani huukimbiza.
Ya mundu ilikuwa na shimo:
baada ya hatua ya kumi na moja
mikono inajua, miguu haijui.

Aliyeijua ni Cirhuza, yuko machimboni Shabunda.
Jumapili tukaipata sauti yake, ina mchanga ndani:
*Mundu wa kushoto unashuka,
wa kuume unabaki karibu na sikio,
halafu unageuka kwa mguu wa...*
Uniti zikaisha.
Tukanunua nyingine. Tangu siku ile
simu yake inaita nchi isiyo na mtu.

Tulimwuliza mwalimu: kushoto? Akafumba macho.
Kulia? Akafumba macho.

Mwaka huu wanafunzi ni tisa.
Jumanne nawageuza kushoto, dirishani.
Alhamisi nawageuza kulia, kwenye ubao.
Nimewaambia wazi kwamba sijui,
nao wakaandika, *hapa hatujui*,
katika daftari jipya.
Ntakwinja, wa miaka minane,
chini ya maneno hayo
amechora mtu mdogo wa penseli
mwenye miguu mitatu.