Mche

Lugha yetu bahili: neno moja, kazi tatu.
Mche wa sabuni, uliokatwa kwa uzi dukani kwa Karimbhai.
Mche wa kakao, aliouatika babu huko Kyela kivulini mwa migomba.
Na mche wa tatu, huo nitausimulia taratibu,
maana ulikuja Temeke mara moja tu,
mfukoni mwa ovaroli.

Lakini kwanza kashata.
Binti Pazi alizimwaga uani, juu ya sinia lililopakwa mafuta:
za nazi, nyeupe na za rangi ya waridi;
za karanga, ngumu, zilizomng'oa Sefu jino la utoto
(akalitupa juu ya bati, akarudi kudai nyingine);
za ufuta, sikukuu peke yake.
Kisu chake kilikwenda mshazari, kikarudi mshazari,
almasi, almasi, almasi,
na zile pembe zisizotimia umbo
zilikuwa zetu, bila senti.

Gubiti ilivutwa kwenye msumari wa mlango
mpaka kahawia ikakubali kuwa dhahabu.
Ubuyu ulitupaka midomo, tukajiona mabibi harusi.
Kwa ajili ya pipi kifua tulikohoa makusudi.
Bigijii ililala ukutani, upande wa kichwa,
ikaamka kama jiwe, ikatafunwa tena.

Kisha ukaja mwaka wa foleni.
Sukari ikawa habari ya kunong'onezwa.
Binti Pazi aliligeuza sinia likatazama ukuta
kama mtoto aliyeadhibiwa.

Mwaka huohuo baba,
Ambakisye wa maghala ya Kurasini, mpima magunia,
alirudi na mche.
Baharia alimpa; wa wapi, hakuuliza.
Karatasi ya buluu, ndani yake karatasi ya fedha,
na ndani ya fedha kitu kilichokwisha kulegea:
jua la Machi halikungoja tufungue.
Mama aliukata kwa wembe. Tulikuwa tisa,
Binti Pazi wa kumi,
na Sefu, ambaye hakualikwa.

Baba alinusa kidole chake, basi.
"Ni zilezile," akasema. "Magunia yangu."
Miaka kumi na tisa aliyapima:
weka, soma, andika, pitisha.
Mbegu alizozijua tangu hajavaa viatu,
alizofyonza utando wake mweupe na kutema kokwa chungu,
na hakuna aliyewahi kumwambia
zikitoka hapo zinakwenda kuwa nini.
Fungu lake akampa Sefu.

Binti Pazi alikaa kimya, ulimi ukipiga hesabu.
"Tamu," akakiri mwishowe, "ila haina mfupa.
Kitu gani hiki kinakimbia kabla ya jino?"

Ile karatasi ya fedha niliilainisha kwa ukucha,
nikaibana katika daftari la hesabu.
Ilinukia hadi darasa la saba.

Leo, Mlimani, kuna rafu nzima
na kiyoyozi kinachoilinda kama mgonjwa.
Za lozi, za zabibu, za biskuti katikati,
nyeupe, nyeusi, na moja ya chumvi,
nikacheka peke yangu, watu wakanitazama.
Nyuma, kwa herufi za sisimizi, nchi tatu zimetajwa.
Nilitafuta Kyela. Nilivaa na miwani.

Nikanunua mmoja.
Foleni ya Ubungo ikaumaliza ndani ya mkoba;
nilipofika Temeke ulikuwa umeshika umbo la funguo zangu.

Zamoyoni, mjukuu wa Binti Pazi,
huuza kashata kwa oda za simu,
sinia lilelile, mshazari uleule.
Aliuchukua ule uji mkononi mwangu,
akaukamua wote juu ya nazi ingali moto,
bila kipimo, bila kuniuliza bei.
"Kesho pita uone kama imeshika."

Sina hakika kama itashika.
Nimemwambia aniwekee pembe.