Nyuzi Thelathini na Sita

Basi limenishusha kipilefti, penye simba wawili wa dhahabu.
Wao hawajavaa barakoa.
Wanaitazama barabara mpya ya Sihanoukville, pana, ya njia nne,
na juu yake, saa nne asubuhi,
anapita mbwa mmoja, tena katikati,
kama mtu aliyelipia.

Nimekuja kutafuta nyumba ya wageni ya Theavy:
vyumba saba, feni sita.
Kile cha saba tuliwapa wanaorudi usiku wamelewa,
hao hawangejua.
Nilifagia mchanga pale miaka mitano.
Mchanga haufagiliki; unauhamisha tu,
leo mlangoni, kesho kitandani.
Nilidhani hakuna kazi ngumu kuliko hiyo.
Kumbe wapo waliokuja kuuhamisha mji mzima.

Natembea kwa kukisia. Hapa palikuwa na mama wa uji wa mchele.
Hapa Sarun, fundi pikipiki, aliyeimba vibaya na kwa bidii.
Sasa ni kasino, na mlango wake
umefungwa kwa mnyororo wa baiskeli.
Maandishi ya Kichina kwenye kioo yamebanduka nusu.
Sikuweza kuyasoma yalipokuwa mazima,
kwa hiyo sijui ni nini kilichopungua.

Wengine wanasema ni gonjwa.
Wengine, kwamba gonjwa lilikuta maiti,
pesa ilikwisha kupanda ndege kabla ya kikohozi cha kwanza.
Mimi sibishani.
Mgeni njoo, mwenyeji apone?
Mgeni alikuja. Mwenyeji akahama.

Penye nyumba ya Theavy pana ghorofa kumi na moja,
nondo zimechomoza juu kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla.
Jengo halina mlango hata mmoja
na bado lina mlinzi wa mlango.
Ananielekezea bastola nyeupe ya plastiki kwenye paji la uso.
"Nyuzi thelathini na sita," anasema. "Pita."
Nipite kwenda wapi?

Lakini sauti hiyo. Barakoa haifichi sauti.
"Borin," nasema, "uliniuzia nyuzi tatu kwa riali elfu moja
ukaapa hazichuji.
Nilioga nikatoka na mkono wa buluu."
Macho yake yanacheka kwanza.
Alikuwa na miaka tisa, vikuku vimemjaa hadi kiwikoni,
akihesabu kwa Kirusi, kwa Kijerumani,
akilia kwa lugha yoyote itakiwayo.
Sasa ana ndevu, na kuku wanne ghorofa ya pili.
Mwenye jengo hajapiga simu tangu Februari.
Mshahara?
Anawatazama kuku.

Na Theavy?
Alichukua fidia, akaenda kwa bintiye Battambang.
Alisema mpunga angalau una adabu, hukua kimya.

Ananipeleka nyuma, penye mifuko ya saruji iliyoganda.
Anasogeza ubao kwa mguu:
vigae vinne vya jikoni, vya kijani,
kimoja na ufa nilioupasua mimi kwa sufuria
nikamsingizia paka.
Sikumkiria Theavy. Leo namkiria Borin.
"Paka alijua," anasema.

"Panda ghorofa ya tisa ukaione bahari.
Ingekuwa dola mia mbili kwa usiku. Kwako bure.
Ngazi hazina ukuta, usiegemee kushoto."

Napanda. Bahari ipo.
Ufukweni imebaki mivinje mitatu
na mama mmoja na jiko lake la mkaa,
akipepea ngisi wasio na mnunuzi.
Moshi unapanda mpaka huku juu
bila kupimwa joto.

Nashuka kununua mishikaki miwili, mmoja wa Borin.
Tunakula tumepeana migongo, kwa kufuata masharti,
barakoa zimetuning'inia masikioni.

Wakati wa kuaga anachomoa uzi
kwenye mshono wa mfuko wa saruji, anaupuliza vumbi,
ananifunga mkononi mafundo matatu.
"Huu hauchuji," anasema.
"Hauna rangi."