Kipato kwa Mwezi

Umri: hamsini na tatu kwa cheti,
hamsini na nne kwa shangazi.
Ndoa: nilikuwa nayo.
Makazi: Newala, nyuma ya ghala la chama.
Mpaka hapo kalamu yako ilikwenda mbio
kama mbuzi anayeijua njia ya kwao.

Kisha ukauliza, dada wa Ustawi,
kipato kwa mwezi.

Kwa mwezi!
Mkorosho haujui mwezi.
Unajua salfa, unajua ukungu unaobabua maua,
unajua mnada.
Magunia manne yakipanda mizani
fedha huingia kwenye simu
na kutoka kabla simu haijazima taa:
deni la salfa, deni la dukani kwa Mnonjela,
mchango wa kikundi, maji.
Maji, dada. Huku juu bomba letu ni paa;
mvua ikikatika, ndoo ina bei
na bei ina miguu.
Gawa kwa kumi na mbili kama hesabu yako inaweza.
Yangu iligoma ilipofika Machi.

Ukaandika kistari.
Kifupi, kama njiti ya kiberiti iliyokwisha kuwaka.

Barua ya mwenyekiti wa mtaa nimeleta.
Wadhamini wawili: mwalimu Lilanje,
na Bi Asumini mkunga, asiyenipenda
lakini hasemi uongo.
Polisi wameona sina kesi.
Daktari amesikiliza kifua, akasema moyo upo.
Chumba umekipima kwa hatua zako,
mlango wa choo umeufungua na kuufunga,
vyandarua umehesabu: kimoja kina tundu, kimoja kizima.
Kizima cha nani?
Cha Twalibu.

Malezi ya kambo, inasema fomu.
Nilicheka kidogo, unisamehe.
Kwetu kambo ni neno lenye fimbo,
neno la kijiko kilichopunguzwa,
la shati lililokwisha kuvaliwa na wengine.
Serikali imelichukua, imelifua, imelipiga pasi,
imelipigia mhuri.
Haya. Tutalivaa.

Na msaada je? nikauliza.
Ukatazama dirishani.
Ukasema unaweza kuomba.
Ukasema inategemea bajeti.
Ukasema watoto hawachukuliwi kwa kutegemea fedha.
Dada, nani atamchukua mtoto
kwa fedha ambayo hata wewe hujaiona?
Sikutaja mshahara. Nilitaja madaftari manne,
viatu namba ishirini na tisa,
na bima, maana usiku anakohoa.
Huruma ninayo,
ila duka la dawa halina chenji ya huruma.

Ndipo ulipoinua mkeka wake.
Fomu haikukutuma huko.
Vipande vitatu vya ming'oko ya jana
vimefungwa kwenye karatasi ya hesabu,
zile za kutoa kwa kukopa.

Nikaona aibu. Nikajua utaandika: mtoto ana njaa.
Nikasema harakaharaka, anakula, anashiba,
hiyo ni ya kesho.
Ametoka nyumba ambayo kesho haikupikwa.
Mama yake alilala wiki nzima bila kuinuka,
na yeye, miaka sita, ndiye aliyekuwa akigawa.
Simkatazi. Nikifagia navikuta,
navirudisha palepale.
Mwezi wa kwanza vilikuwa tisa.
Mwezi uliofuata, sita.

Ukakaa chini, juu ya ule mkeka,
na viatu vyako vya ofisini.
Ukafunua nyuma, ukurasa wa pili,
penye kile kistari.
Ukauliza tena, polepole sasa:
ulisema mwezi wa kwanza vilikuwa vingapi?

Jibu halijaja. Mhuri uko Mtwara, nasikia,
na mwenye mhuri yuko semina.
Jana shule wametaka sahihi ya mlezi.
Nimeazima kalamu ya Lilanje, nimesaini.
Mkinifuata, mnifuate jioni;
asubuhi tunapanga foleni ya maji,
mimi na ndoo mbili,
yeye na kidumu chake cha lita tatu
ambacho hataki nimsaidie.