Bukuru na Butoyi

Ilishushwa kwa mkokoteni Jumatano, mbele ya gesti,
imefungwa kamba kama mbuzi wa mahari.
Bosi Gwasa kaipata mnadani,
shirika lilipofunga ofisi yake ya Mlole.
Mashine mbili katika bati moja:
chini ya kufua, juu ya kukausha.
"Haili nafasi," akasema, akiipapasa mgongo.
Kweli. Nafasi haikuila.
Ilikula vingine.

Majina niliipa mimi, siku ileile.
Ya chini Bukuru, ya juu Butoyi;
sisi Waha pacha hakai bila jina lake.

Bukuru ana tumbo la mtoto wa chekechea:
shuka mbili, foronya moja, ameshiba.
Nilimsokomeza blanketi la chumba namba sita,
akalibinya upande mmoja,
akaanza kucheza, guu hapa, guu pale,
akahama ukutani, akauziba mlango
na mimi nimo ndani.
Mgeni kutoka Kasulu ndiye aliyenitoa,
kwa dirishani, miguu kwanza.

Butoyi yuko juu, nami ni mfupi.
Vitufe vyake navifikia kwa kupanda kreti la soda.
Masaa matatu anazunguka, anahema,
kichumba kizima tanuri la mikate,
umeme wa elfu kumi unayeyuka kwenye mita,
na shuka zinatoka na uvuguvugu wa kwapa:
kukauka hazijakauka, kulowa hazijalowa,
zina sura ya mtu aliyeamshwa usiku wa manane.
Na pale Kibirizi, bila mita,
dagaa walioanikwa alfajiri
saa saba mchana wanalia kachakacha.

Mwezi wa tatu mkanda wa Bukuru ukakatika.
Fundi Ntahondi akaja na bisibisi mbili na kikohozi.
Kumgusa mmoja sharti uwatoe wote,
wanaume wanne, na vigae viwili vikapasuka.
Akauchungulia mkanda, akaupima kwa shubiri.
"Huu waliacha kuutengeneza
binti yangu hajazaliwa.
Na binti yangu sasa ananyonyesha."
Akafunga mpira wa baiskeli.
Ulidumu shuka nne.

Butoyi mzima, hana hata mchubuko,
lakini nani anunue pacha mmoja?
Waya wao ni mmoja, ndio kitovu chao,
na wa chini akifa
wa juu anakaa matanga akiwa amesimama,
kijitaa chake chekundu kinawaka.

Bosi hataki itolewe. Pesa yake ile.
Wageni wakipita anawaonyesha, anasema inasubiri kipuri.
Tumboni mwa Bukuru naweka sabuni za mche,
panya hawafiki.
Hilo nalisema, nisije nikamsengenya maiti.

Mimi naitwa Kiza.
Mama alinizaa baada ya mapacha,
na kwetu afuataye mapacha hilo ndilo jina lake.
Wao walipigiwa ngoma, watu wakatoka Heru kuja kuwaona.
Mimi nilikuta nepi zao hazijafuliwa.

Leo siku ya treni.
Namba tatu mpaka namba tisa wanaondoka,
shuka kumi na nne,
na upepo wa ziwa umeanza kuitikisa kamba uani.
Beseni liko wapi?