Nukta Chini ya Neno

Duka langu liko Shimanzi, nyuma ya mizani ya malori:
mashine ya kurudufu, tarakilishi moja,
na kibao: PICHA ZA PASIPOTI, BARUA, TANZIA.
Akaingia baharia wa meli ya mchele,
shati limepigwa pasi, kofia mkononi,
akatoa karatasi iliyokunjwa hadi ikawa kama hirizi.
Nakala arubaini, alionyesha kwa vidole,
mikono miwili, mara nne.

Kwenye daftari aliandika jina, Khoa,
na bandari, Haiphong. Pa nchi alipaacha wazi.
Kiswahili chake ni cha getini: bei gani, maji, rafiki, polisi.
Hilo la mwisho alilisema kwa midomo tu.

Makala ni ya dada yake.
Akachora samaki, akamgeuza tumbo juu.
Akachora kiwanda na bomba lililoelekea mtoni.
Kisha dirisha lenye nondo,
na kalamu akaiacha pale pale
mpaka wino ukafanya kidimbwi.
Miaka? Vidole saba.
Kwao chama ni kimoja, na gazeti ni mdomo wa chama,
na mdomo haujitafuni.

Sikuhitaji mkalimani.
Marehemu baba, Shee Lali, alikuwa mpanga herufi
hapo Makadara, enzi chama chetu kikiitwa baba na mama.
Vidole vyeusi kwa risasi (ile ya chapa, si ile nyingine),
alisoma kinyumenyume, kulia kwenda kushoto,
na akisema ndivyo mji mzima ulivyosoma habari:
wakiandika *hali ni shwari*
watu huulizana nani kachukuliwa.
Mwaka wa mlolongo alisimama foleni ndefu, juani;
jioni redio ikatangaza foleni fupi imeshinda.
Usiku ule alirudi kiwandani. Alichopanga sikijui.
Waliokuja alfajiri walimwaga kasha zima sakafuni,
na mama aliokota herufi moja kwenye upindo wa kikoi:
H.
Ya hapana, ya haki, ama ya hali ni shwari,
hatukuulizana.

Karatasi ya Khoa ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo;
mashine ilitoa kivuli tu.
Nikaichapa upya, herufi baada ya herufi, nikajisifu.
Akaitazama, akashika kichwa.
Tarakilishi yangu haina vile vikofia, vindoano, vinukta.
Akaandika *ma*. Juu yake mkwaju: akabembeleza hewa kama mtoto. Mama.
Badala ya mkwaju, ndoano: akafukia kwa kiganja. Kaburi.
Nukta chini: akachomeka kidole udongoni. Mche wa mpunga.
Bila alama yoyote?
Akavuta shati likamfunika uso. Mzimu.

Basi tukatia alama kwa mkono,
biki mbili, karatasi arubaini.
Stima zikapotea, feni ikasimama.
Mwenye tanzia akasubiri, akasonya, akaenda kwingine.
Tulikula mahamri tukishika karatasi kwa viwiko, zisiingie mafuta.
Nani hapa atakayeisoma? nilimuuliza kwa mabega.
Akachora pwani, akaitia nukta: Colombo, Mombasa, Durban.
Kila bandari, arubaini.
Kisha akachora pwani ya kwao, asiitie kitu.

Moja aliniachia. Nimeibandika
baina ya orodha ya bei na kalenda ya benki.
Madereva huuliza, "Yasemaje hiyo?"
Samaki, nawaambia. Yasema samaki wamekufa.
Wengine hucheka. Mmoja, mkongwe, hakucheka;
alisogea karibu akaisoma yote, polepole,
kana kwamba ajua.

Lakini mstari wa tisa una nukta niliyoitia gizani,
stima zikiwa hazijarudi, mkono umechoka,
na kila nikiitazama siamini ndipo pake.
Labda nimeotesha mpunga pasipo shamba.
Labda nimemzika mama wa mtu.
Meli imeng'oa nanga tangu Alhamisi.
Hakuna wa kumuuliza.