Pete Zisizofungika

Shangazi Feza, jina lake lisikudanganye,
alivaa shaba tu:
bangili moja nene, yenye mdomo wazi,
ncha mbili zikitazamana, zisigusane.
"Ikifungwa," alisema, "mkono utaingilia wapi?"

Leo nina elfu nne za namna hiyo
juu ya kioo kisichozidi ukucha,
kila pete ndogo kuliko chembe ya unga wa bukari.
Metamateria, naandika ubaoni.
Nawej wa mwaka wa tatu anacheka:
"Mwalimu, hii ni shaba yetu ya Ruashi,
umeipa diploma tu."
Kweli, shaba ni ileile.
Umbo ndilo linalosikia.

Linasikia terahezi, mwanga wa katikati:
redio haiufikii, jicho haliuoni.
Hupenya karatasi, hupenya kitenge,
ila mvuke wa maji huumeza mzima mzima.
Na huu ni mwezi wa kumi na mbili, Lubumbashi,
kuta zinatoka jasho,
daftari limevimba kama mkate ndani ya chai.
Tumeziba boksi kwa nailoni na gundi,
mlangoni nimebandika: USIPUMUE HAPA.

Naitrojeni tumeiazima kwa madaktari wa mifugo.
Pipa lilikuja na mbegu za fahali watano
zikining'inia shingoni, kila moja na jina lake.
Lirudi kabla ya Jumatatu, walisema,
ng'ombe wa Kipushi hawasubiri fizikia.

Chini ya pete kuna utando mweusi.
Ukiwa na joto la mkono, hauna huruma:
kila elektroni hulipa njiani
kama lori la Kasumbalesa,
kizuizi hadi kizuizi, karatasi hadi karatasi.
Ukipoa, ukapoa kupita akili,
elektroni hushikana mbili mbili
na askari wote wa barabarani
hawana tena cha kudai.

Kushikana kwenyewe hatukuoni.
Tunazichungulia pete:
bonde kwenye mstari wa skrini
likisogea, likififia, basi huko chini
kuna jambo.

Saa tisa na dakika kumi, likasogea.
Unywele mmoja. Nawej akanifinya bega.
Saa tisa na dakika kumi na moja
kuran ikakatika, kutoka Katuba hadi Golf.

Giza. Mvua juu ya bati.
Jenereta ya jirani ikakohoa, ikanyamaza.
Nikafikiri: utando bado uko baridi,
haudaiwi bili na mtu,
na zile mbili mbili, zilizoshikana mle,
hazijui kwamba hatutazami.
Kwa dakika ngapi? Nikaanza kuhesabu.

Ndipo Nawej, kwa sauti ya mtu aliyebanwa kifua:
"Mwalimu,
tunaweza kupumua sasa?"