Kabla ya Nta

Usiniulize nta iko wapi. Bado.
Kopo limefungwa, liko juu ya betri mbovu,
na mama mwenye gari amekwisha kuuliza mara ya pili
mbona nafuta kinachong'aa.

Kinang'aa, ndiyo. Mashine imezunguka tangu asubuhi,
Premio nyeusi imekuwa kisima,
mawingu ya Masese yanapita ndani ya boneti,
bado kidogo nione hata harufu ya mukene unaoanikwa.
Lakini polishi ina mafuta,
na mafuta ni shahidi wa kununuliwa:
hulala ndani ya kila mkwaruzo, hujaza, hunyamaza.
Balikowa, aliyenifundisha, alikuwa akimwaga maji, glasi moja:
"Yakijikunja shanga kabla ya nta, Nangobi,
rangi bado imevaa. Ivue."

Basi naivua.
Spiriti na maji, nusu kwa nusu, kwenye chupa mpya,
si ile ya dawa ya kunguni
(Tenywa aliwahi kuikosea, tukalipa).
Vitambaa viwili: kimoja kinalowesha,
kingine kinakifuata nyuma mbio
kama mdogo wa mtu aendaye sokoni.
Kipande kwa kipande, kivulini, bati likiwa baridi,
bila kukandamiza. Rangi iliyotoka kusuguliwa
ni ngozi ya mtoto aliyetoka kuoga:
hata kidole kinaacha neno.

Na huo upepo wa Kakira. Leo wanachoma miwa.
Majivu yanashuka, mepesi, meusi, marefu,
jivu moja linatua juu ya paa. Ukilifuta, umechora.
Nalipuliza. Nangoja. Napuliza tena.

Mlango wa kushoto, safi.
Paa, safi.
Buti,
nikawasha tochi, na spiriti ilipokauka
vikajitokeza chini ya tundu la ufunguo
vistari vyembamba kama sharubu za paka,
vyote vimelalia upande mmoja.
Asubuhi havikuwapo. Yaani vilikuwapo,
vimeshiba mafuta.

Nikaishika mashine. "Samahani mama, dakika kumi,
hivi vinatoka."
Akaja karibu. Hakuangalia buti, aliangalia mkono wangu wa kulia,
kisha akanyoosha wake wa kushoto,
akazungusha ufunguo usiokuwepo,
taratibu, kama mtu anayerudi usiku
na hataki kuamsha watoto.
Ulikuwa mkono usiozoea. Ulikosea tundu.

"Hivyo viache."

Nina bei ya kutoa mikwaruzo. Ya kuiacha sina.
Sikuuliza kitu.
Nikalowesha kitambaa, nikafuta pale pale, tena, na tena,
pakawa safi kuliko boneti.
Ndipo nikafungua kopo.